Mkono wa Mtu Mgongoni

Kidonda cha fundi bati kilikuwa mguuni, na mwenyewe alikwisha kukizoea. Mkewe ndiye aliyemburuta hadi zahanati. Muuguzi akampa vidonge vya siku kumi na kumwonya kwamba dawa ile haipatani na jua, hivyo afunike mwili, na ikiwezekana asipande juu kwanza. Fundi akacheka, akasema fundi bati anayekimbia jua akauze barafu.

Siku ya tatu alikuwa juu ya paa la ghala. Saa sita mchana joto likamzidi, akavua shati.

Alirudi nyumbani mapema, akitembea taratibu kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mgongo ulikuwa mwekundu, unawaka. Kesho yake asubuhi ulikuwa umejaa malengelenge, mengine makubwa kama mayai. Jirani mmoja alichungulia, akanong'ona kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Mke wa fundi alimrudisha mumewe zahanati.

Muuguzi alisema hakuna uchawi wowote, ni vidonge na jua tu. Akabadilisha dawa, akaanza kumsafisha. Halafu akasita.

"Nani alikushika hapa?"

Mkewe akasogea kutazama. Katikati ya mabega, kati ya malengelenge yote yale, palikuwa na ngozi nzima, laini, isiyoguswa na jua. Kiganja. Vidole vinne na gumba. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi.

Alikijua kidole kile. Kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekatwa na bati wakiwa kazini pamoja. Mwaka uliopita shemeji huyo alianguka kutoka kwenye paa akafa. Msibani mumewe aliwaambia watu kwamba yeye alikuwa chini, akipima mabati.

Walipofika nyumbani mkewe alifunga mlango.

"Hukuwa chini," alisema polepole.

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Aliteleza. Akanidaka mgongoni. Na mimi nikaanza kuteleza." Akageukia ukuta. "Nikajitikisa."

Wiki ile ile alikwenda kumwambia mama yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba atoke nyumbani kwake.

Malengelenge yalipasuka, yakakauka, ngozi ikabanduka. Miezi miwili baadaye mgongo ulikuwa umerudia rangi yake. Ule mkono haukufutika.

Jumapili moja fundi alikuwa amelala kifudifudi, mapazia yamefungwa, chumba kina ubaridi. Mkewe alikaa kando yake. Aliutazama mkono ule. Akaweka kiganja chake juu yake.

Ulikuwa wa moto. Moto wa bati la saa sita.

Alijaribu kutoa kiganja. Hakikutoka mara moja.

Fundi aliendelea kulala.

Jioni kiganja chote kilikuwa kimevimba malengelenge. Kesho yake muuguzi alikigeuza huku na huku, akamuuliza anatumia dawa gani, na alikuwa juani kwa muda gani.

Hakuwa amemeza hata kidonge kimoja. Na siku nzima hakuwa ametoka nje.