Mfanyakazi wa Jarvion

Nakutegea kitendawili wewe unayesoma: nina mfanyakazi, tangu nizaliwe hajalala hata usiku mmoja. Siku akilala, nami mnizike. Ni nani? Usijibu upesi. Sikiliza kwanza.

Mwaka ule wa korona, Verlene Tolliver alikuwa jikoni kwake Alabama, anakoroga kunde. Dirishani alimwona mwanawe Jarvion akikimbia kuizunguka nyumba. Jarvion alikuwa na miaka ishirini. Alichezea chuo chake futiboli ya Kimarekani, ile ya kuvaa kofia ngumu na kuangushana. Wiki tatu nyuma aliugua korona. Homa kidogo siku mbili, basi. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi.

Mzunguko wa nne, Jarvion akasimama. Akaegemea ukuta, mkono kifuani.

Jirani yao Bi Odessa, nesi mstaafu, alikuwa upande wa pili wa uzio, barakoa usoni, anaanua nguo.

"Wewe dubwana! Unahema kama trekta ya marehemu mume wangu. Kifua kinasemaje?"

"Nimeshiba mkate wa mahindi wa Mama tu, Bi Odessa."

Verlene akatoka na mwiko wake. "Usinisingizie mkate wangu. Umeulizwa kifua."

Jarvion akalikwepa swali la kifua. "Jamani, nimeshapona! Nikikosa Jumamosi, Kelvonte wa benchi anachukua namba yangu. Na ufadhili wa masomo ninaopewa kwa kucheza je?"

Verlene akashusha mwiko. Hilo la ufadhili lilimtisha hata yeye.

Bi Odessa akasema, "Korona wakati mwingine huacha uvimbe kwenye msuli wa moyo. Hata kwa aliyeugua kidogo. Moyo wa hivyo ukiukimbiza, mapigo yanaweza kuvurugika, mtu akaanguka uwanjani."

"Wanaopata hayo ni wachache. Nimesoma."

"Wachache kweli. Wewe umo au humo?"

"Sijui."

"Basi kapime. Watapima mapigo, watatoa damu kidogo, watapiga picha ya moyo. Ukiwa mzima, daktari atakurudisha uwanjani taratibu. Ukiwa na uvimbe, unapumzika mpaka uishe. Na ufadhili waulizeni chuoni, msikisie."

Verlene alipiga simu chuoni palepale. Akaambiwa mchezaji akikaa nje kwa ugonjwa, ufadhili wake unabaki.

"Mimi nilitaka ucheze kuliko wewe," alimwambia mwanawe. "Kanisa zima nimeshalitangazia. Lakini mwenye moyo ni wewe. Unasemaje?"

Jarvion akainama, akavua viatu vya mazoezi. "Leta funguo za gari, Mama."

Kwa daktari, waliuona moyo kwenye kioo cha mashine, unadunda, unadunda. Ndiye yule mfanyakazi wetu. Na alikuwa amevimba. Daktari akasema: miezi mitatu, hakuna kukimbia, hakuna kubeba vyuma. Ukisikia maumivu ya kifua, mapigo ya ajabu au kizunguzungu, rudi siku hiyohiyo.

Jumamosi walitazama mechi sebuleni. Kelvonte alipoangusha mtu vizuri, Jarvion aliirushia runinga mto.

Desemba vipimo vikawa safi. Alianza kutembea, wiki baada ya wiki, kisha daktari akamruhusu kukimbia. Siku ya kwanza aliizunguka nyumba mara nne, akasimama wima kando ya uzio.

"Leo kinasemaje?" Verlene aliuliza.

"Leo kimetulia, Mama." Akamgeukia Bi Odessa. "Ila siku ile uliponiuliza, kilikuwa kinabana. Tangu mzunguko wa pili."