Maziwa ya Mtoto wa Chifu

Chupa ya Junior iliisha bila Junior kunywa. Rolande aliiacha mezani imejaa, akaenda kumbadilisha mwanawe couche, nepi iliyolowa, akarudi akaikuta tupu, chuchu ya mpira imetafunwa, na salon, sebule yao, nzima inanuka maziwa yaliyochacha, harufu inayokwama kooni kama tambara la kudekia.

Alidhani dada yake Tatiana ameyamwaga. Tatiana naye, mwenye master ya historia na kazi ya kukaa nyumbani akingoja zile «on vous rappellera», tutakupigia, za waongo, alijibu kwamba hajafikia kiwango cha kuiba maziwa ya mtoto. Pas encore, bado.

Nyumba ilikuwa Schaerbeek, mtaa wa Brussels, dari liko juu kama la kanisa, ukungu kila kona. Maman Antoinette, mjane wa Lubumbashi, aliipanga na hao mabinti zake wawili. Mwenye nyumba, monsieur Hubert, aliwapa masharti mawili: wasikaange makayabu, samaki wa chumvi, na wasiguse picha iliyo juu ya cheminée, meko ya ukutani.

Picha ilimwonyesha chifu wa Waosage, watu wa Amerika, kichwa kimenyolewa kikabaki shungi jekundu katikati, na mkewe amepakata mtoto. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha kioo, ndani mna shada dogo la nywele nyeusi.

Kila alipokuja, Hubert aliisimulia hadithi yake huku akinywa kahawa yao bila kukaribishwa. Zamani sana chifu yule aliletwa Ulaya na familia yake, akaonyeshwa majukwaani, watu wakalipa kumtazama akila nyama. Aliyewaleta alipotoroka, wakabaki na njaa yao barabarani. Mke akajifungua mapacha hapa hapa Brussels. Bibi mmoja tajiri, wa ukoo wa Hubert, akaomba mmoja, kama mtu anavyoomba mtoto wa paka. Chifu akarudi kwao na mwingine. Yule wa bibi alikufa kabla ya kutambaa, zikabaki nywele.

«Un beau geste, quand même,» alisema Hubert, kwamba hata hivyo kilikuwa kitendo chema, akijifuta midomo. Tatiana alitamani kumtapikia viatu.

Junior akaanza kukonda. Wakimnyonyesha analia, wakimwekea chupa inaisha yenyewe, na kutoka kwenye cheminée wakasikia mnyonyo, wa haraka, wenye pupa, kama wa mtoto asiyewahi kushiba. Halafu kikaja kilio cha alfajiri. Kabla tramu ya kwanza haijapita, mwanamume alilia ukutani, sauti nzito ikipanda na kushuka kama wimbo, na Tatiana, aliyewahi kusoma kwamba wazee wa Kiosage huamka kabla ya jua kuwalilia wafu wao, alijifunika duvet hadi kichwani akijiambia ni mabomba, ni majirani, ni njaa ya akili, huku akijua vizuri kabisa kwamba mabomba hayavuti pumzi katikati ya kilio.

Pasta Tharcisse aliitwa kutoka Anderlecht, kanisa lake likiwa hangari lililokuwa likiuza matairi. Alikuja na spika yake, akamwaga mafuta juu ya picha, akaliamuru jini litoke kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala, akala pondu, kisamvu, sahani mbili, akaondoka akisema limekwisha. Jioni hiyo Junior alitapika. Katikati ya matapishi meupe kulikuwa na unywele. Rolande aliushika ncha akauvuta, ukaja, ukaja, mweusi, umelowa, mrefu kuliko mtoto mwenyewe.

Rolande alikaa chini sakafuni. Maman Antoinette akaisogelea picha, akaitazama kama hajawahi kuiona.

“Hapa kuko mutoto moja,” alisema. “Wa pili njo ule wa mu kioo?”

Tatiana akaitika.

Maman alikuwa mama mapasa. Tatiana alizaliwa na pacha, Nathalie, aliyefia Lubumbashi, na hakuna aliyethubutu kumwaga chozi msibani. Pacha haliliwi. Ukimlilia anarudi kumchukua mwenzake. Mpaka leo Maman humnunulia Tatiana kila kitu viwili viwili.

“Hii haiko jini,” alinong’ona. “Ni papa, baba ya mu picha. Anatafuta mutoto wake, na kwa kulia vile atabeba wetu.”

Akajaza chupa mbili, akaziweka mbele ya picha, akapiga magoti.

“Papa chifu, mi pia nilizala mapasa. Huyu haiko wako. Wako balimufungia mu kioo. Fwata kioo, papa. Kwenye itaenda, na weye uende.”

Maziwa ya chupa moja yakashuka taratibu hadi yakaisha. Ya pili, ya yule aliyerudi kwao, haikuguswa. Usiku huo Junior alinyonya akalala.

Hubert alipoyaona mafuta kwenye picha alifoka: hawa watu, sauvages, washenzi, hawajui thamani ya kitu. Binti yake wa Uccle alikuwa amejifungua. Angeitundika picha huko, na kisanduku chake, kitoto kikue kikijua historia ya ukoo. Maman akamtuma Tatiana amtafsirie: zile nywele zirudishwe kwao ng’ambo, zizikwe na wenyewe. Hubert alicheka. «C’est du patrimoine, madame.» Ni urithi, eti. Akabeba.

Junior akanenepa. Kilio kikahama.

Hata alfajiri moja simu ya Tatiana ikalia. Hubert, sauti chini, na kwa mara ya kwanza na adabu, aliuliza walikuwa wakimpa mtoto maziwa gani. Nyuma yake ulisikika mnyonyo, na nyuma ya mnyonyo, mwanamume akilia. Tatiana alikuwa na matusi tayari, ya lugha tatu. Lakini Maman alikwisha kujifunga kitenge, chupa mbili mkononi.

“Ule mutoto hana kosa,” alisema. “Muulize kama nywele ingali mu kioo.”

Tatiana akauliza. Hubert akaenda kutazama, akarudi kwenye simu.

Kisanduku kilikuwa kizima, alisema, hakijafunguliwa. Lakini kitupu. Na mjukuu wake aliyezaliwa kipara, asubuhi hii ameamka na nywele nyeusi...

Kule nyuma kilio kikakatika, kama cha mtu aliyemwona mwanawe.