Upepo wa Baba Brenda

Kanisa lilikuwa tupu, tena mchana kweupe, lakini kinanda kilikuwa kinapumua. Silantoi, mfagizi, aliuacha ufagio hapo hapo akakimbia kumwita Elisaria.

"Mama, mvukuto unapanda na kushuka, na nyuma hakuna mtu! Halafu kunanuka jasho na ugoro."

Elisaria, aliyepiga kinanda hicho miaka thelathini na minane, aliijua harufu hiyo. Ugoro ulikuwa wa mumewe, Ebenezer, Baba Brenda kama alivyozoea kumwita, waliyemzika wiki tatu zilizopita.

Kinanda chenyewe, jamani, kilikuwa kitu! Wazee walisimulia kilivyopandishwa huku juu ya Makumira kwa mkokoteni wa ng'ombe, mabomba yake yamefungwa kwa majani makavu ya migomba kama mayai. Bomba refu kuliko yote watoto waliliita Babu, kwa sauti yake nzito iliyotetemesha mabenchi siku za kipaimara. Ebenezer aliwatoa nyigu humo kwa unyoya wa kuku. Na kwa kuwa mota iliungua zamani, ni yeye aliyejaza upepo, amejificha nyuma, akiusukuma mpini wa mvukuto. Hawakuonana. Waliongea kwa kisigino: Elisaria akikanyaga sakafu mara moja, ongeza upepo, mara mbili, pumzika.

Jumapili aliyofariki, katikati ya wimbo, upepo ulipungua. Elisaria alikasirika, akakanyaga mara moja, kwa nguvu. Upepo ukaja tele hadi ubeti wa mwisho. Walipokwenda nyuma walimkuta Ebenezer ameinamia mpini, mwili umeshapoa. Mazishini walipiga kinanda cha umeme kilicholetwa kutoka mjini.

Tangu Silantoi aone maajabu yale, Elisaria alikuja kila alasiri, eti anafuta vumbi. Kumbe alikuwa anakaa na mumewe.

"Shikamoo, mama," Mchungaji Gidion alimnong'oneza siku moja. "Nimemkemea pepo, hatoki. Washarika wamekimbia. Wazee wanataka kinanda kivunjwe kesho."

"Marahaba, mchungaji. Si pepo. Ni Baba Brenda. Nilimwambia aongeze, sikumwambia apumzike."

"Basi mwambie, mama."

"Nikimwambia atakwenda."

Gidion akainamisha kichwa, akatoka nje.

Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na Elisaria aliposogea karibu akasikia kile alichokuwa akijifanya hakisikii, kwamba pumzi zile hazikuwa za mvukuto tu, ndani yake mlikuwa na kukoroma, na kukohoa, na mlio wa mtu aliyechoka hadi mifupani lakini hathubutu kuacha, na mpini ukapanda na kushuka kwa kutetemeka huku damu mbichi ikichuruzika mahali ambapo mikono ingeshika, na hapakuwa na mikono.

"Baba Brenda," akasema, machozi yakimtoka. "Nisamehe. Nilikuwa mchoyo."

Akakaa kwenye kinanda, akaupiga tena wimbo wa Jumapili ile, beti zote. Kisha akakanyaga. Moja. Mbili.

Mpini ukaanguka. Nyuma mtu akashusha pumzi ndefu, kisha harufu ya ugoro ikaondoka. Kanisa likanyamaza kabisa, na upweke ukamwingia Elisaria kama baridi. Nyuma ya kinanda hapakuwa na mtu tena.

Ndipo mguu wake ukaanza kuinuka wenyewe, kisigino tayari kukanyaga mara moja tu, kumwita arudi. Akaudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia, akaung'ang'ania huku akilia, na Mchungaji aliporudi alimkuta bado ameushika.