Mguu Usiogonga Sakafu

Upinde ulikuwa umelowa, na jana yake Gunnvor alikuwa ameuacha mkavu kabisa juu ya meza, karibu na jiko la kuni.

Ulikuwa upinde wa fidla wa marehemu mumewe, Eivind. Ulipasuka kichwani siku alipoanguka nao kwenye barafu, siku ileile aliyokufa. Gunnvor aliuziba ufa kwa gundi, akaufunga uzi, gundi ilipokauka akazikaza singa, zile nywele za farasi za upinde, ajaribu kama utahimili. Hapo mtoto akalia, akamkimbilia, akasahau kuulegeza. Bondeni kwao hakuna anayelaza upinde umekazwa, maana kule kwenye maporomoko ya maji kuna jini linalopenda fidla, na upinde uliokazwa ni kama mlango ulioachwa wazi.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, giza la Desemba la kule kaskazini lilikuwa limeshaingia. Anamenya viazi, akasikia fidla sebuleni, wimbo wa harusi yao. Alipochungulia hakuona mtu, ila mtoto wake, Aslaug, anakichekea kiti kitupu. Angekimbia. Lakini tangu mazishi nyumba ile haikuwa na sauti ya mtu mwingine, basi akakaa kizingitini akalia, na upinde akauacha umekazwa, safari hii makusudi.

Kisha Aslaug akaanza kukataa ziwa la mama. Midomo ikawa ya bluu, nywele zikanuka maji ya mtoni. Gunnvor akamwita jirani, bibi Torbjørg.

"Ni Eivind, bibi," alinong'ona. "Amerudi kwetu."

"Eivind akipiga fidla alikuwa anagonga mguu mpaka vikombe vinacheza. Ubao ule wa sakafu umeliwa na kisigino chake. Huyu anagonga?"

Gunnvor akaugeukia ubao.

"Nakuuliza, mwanangu. Anagonga?"

"Hapana. Nasikia maji tu, yanadondoka."

"Basi punguza sauti. Jini linatusikia."

Bibi akazikata singa, akaufunga upinde pamoja na paja la kondoo, sadaka ya jini, wakavitupa maporomokoni. Jioni Aslaug akanyonya.

Nyumba ikatulia, ikatulia mno, na Gunnvor akakaa na mtoto kifuani akisikiliza kuni, akisikiliza upepo, akisikiliza, Mungu amsamehe, kama bado kuna chochote, mpaka kule sebuleni, palepale penye ubao ulioliwa, mguu mzito uliolowa ukaanza kugonga, polepole, ukikosea, ukirudia, kama wa mtu anayejifunza.

Aslaug akaachia ziwa, akageukia mlango, akacheka.