Viatu Kwenye Ngazi ya Banda

"Mama, usigonge!"

Binti yangu alinidaka mkono ukiwa hewani. Tulikuwa mbele ya banda la kupumzikia wapita njia, katikati ya mashamba, mimi goti linaniuma, jasho linanitoka hadi kwenye macho. Kwenye ngazi kulikuwa na pea mbili za mabuti. Moja ilikuwa na kamba nyekundu. Kamba zile alizisuka binti yangu mwenyewe, akampa mchumba wake.

Ndani watu wanacheka.

"Na fundi wako akitokea je?"

"Atokee wapi? Yuko kwenye cherehani anashona shela lake. Hata kutembea hajui."

"Halafu siku ya harusi mimi ndiye nitakayemsuka. Nitamvuta nywele mpaka aone nyota!"

Sauti ile niliijua. Msusi! Shoga wa binti yangu tangu utotoni. Amekula kwangu, amelala kwangu, ananiita mama.

Ngoja niwaeleze mnielewe. Kuna njia ndefu ya miguu inapita milimani, mtu huwezi kuimaliza kwa mara moja. Kwa hiyo kundi lao wameikata vipande. Kila Jumamosi wanaacha magari mahali, wanatembea kipande kimoja, wanazunguka na kurudi kwa njia nyingine mpaka kwenye magari yao. Mchumba ndiye kiongozi. Binti yangu alipotaka kwenda naye aliambiwa, "Mpenzi, wewe utachoka bure, kaa unishonee suti."

Mama mmoja wa kundi, nesi mstaafu, ndiye aliyetupigia simu.

"Mwanangu, huyo bwana wako kila Jumamosi anabaki nyuma na mgonjwa. Ni mgonjwa gani anaumwa mguu kila wiki, jioni anacheza muziki?"

"Mgonjwa gani, mama?"

"Msusi wako. Sisi tukipanda mlima, wao wanakata shambani. Tukirudi tunawaona wakitokea nyuma yetu."

Siku hiyo ilikuwa ya kipande cha mwisho, na harusi ilikuwa mlangoni. Binti yangu aliniamsha akasema, "Mama, vaa raba. Leo tunaizunguka kinyume." Tukaanzia kule wanakomalizia, mpaka hapo bandani.

"Niache niuvunje huu mlango," nikamnong'oneza.

"Ukiuvunja watasema walikuwa wanapumzika. Beba viatu vya huyo shoga yangu, mimi nabeba hivi."

"Tunaenda kuvichoma?"

"Hapana. Leo watamaliza matembezi yao."

Macho yake yalikuwa makavu. Niliogopa kuliko kama angelia. Tukarudi zetu taratibu, mabuti kwapani kama wezi wa kuku.

Kwenye magari mama mkwe wa binti yangu alikuwa ameshafika na ndugu zake, wana vinywaji na maua. Binti yangu ndiye aliyewaalika, kwa siri. Simu yake ikalia, ujumbe kutoka kwa mchumba:

"Mpenzi tuko mlimani, mtandao unasumbua. Nakukumbuka."

Akajibu: "Sawa mpenzi. Tembea taratibu usijikwae."

Kisha akajificha nyuma ya gari.

Kundi likaja, watu wakapiga makofi. Mwishoni kabisa wakatokea wawili. Wangekimbilia wapi? Gari liko pale pale, njia ya kokoto inaleta pale pale. Mchumba alikuwa na soksi tu, zimetoboka, vidole vinachungulia. Msusi amefunga mguu kwa kilemba, anachechemea.

"Mwanangu! Viatu viko wapi?" mama yake akauliza.

"Tumeibiwa, mama. Vibaka wametuvamia!"

"Vibaka wakakuachia saa na simu?"

Watu wakaguna. Hapo binti yangu akatoka, akayapanga mabuti juu ya boneti, pea kwa pea.

"Vibaka wenyewe ni sisi, mama. Mimi na mzazi wangu. Tumeyakuta kwenye ngazi ya banda, wenyewe wako ndani, mlango umefungwa."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nimeshakusikiliza. Kumbe kutembea najua, eh?"

Msusi akaanza kulia. "Shoga yangu, miguu inatoka damu..."

"Pole, shoga. Hapo ni miguu tu, nywele sijagusa. Nyota umeziona?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe kuanzia utosini mpaka kwenye soksi.

"Umenivua nguo mbele za watu. Leta funguo." Akampa nesi. "Endesha wewe, tumrudishe huyu mtoto kwao na mama yake."

"Na mimi, mama?"

"Wewe si mtembeaji? Tembea."

Harusi ikafa hapo hapo, na mabuti tukaondoka nayo. Shela binti yangu alilifumua, akamshonea mteja. Wiki ile nilimsikia analia chumbani, lakini mchana cherehani haikunyamaza.

Wazazi wenzangu, mchumba akimkataza mwanao asimfuate anakokwenda, usibaki nyumbani ukisema wakubwa hao. Vaa raba. Hata kama goti linauma.

Juzi ameandika tena: "Basi nirudishie viatu vyangu tu."

Binti yangu akamjibu: "Njoo uvichukue. Pekupeku."

Hajaja. Viko hapa mlangoni kwangu. Kimoja kuku ameshatagia ndani.