Jirani wa Upande wa Kaskazini

Dodoma ilikuwa haijaonja tone la mvua tangu Aprili, na huu ulikuwa mwezi wa tisa, lakini chumba cha ndani cha Paulina kilianza kunuka udongo uliolowa. Alichungulia chini ya kitanda, akapapasa kuta, akaitoa nje ndoo ya maji. Hakuna kilichovuja. Akasema ni uchovu tu. Siku hizi kila kitu alikisingizia uchovu, na mara nyingi hakukosea.

Paulina alikuwa mtendaji wa mtaa mmoja wa kata ya Kikuyu, huu ukiwa mwaka wa kumi na moja, na magoti yalikuwa yamestaafu kabla yake. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na ua mwembamba. Katika chumba cha ndani alilala mama yake, Bibi Priska, aliyemleta kutoka Mvumi macho yalipomzimikia. Mbele ya ndugu wote alikuwa ameahidi kwamba bibi hatahamishwa tena, kwamba pale ndipo atakapofia. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake kubwa.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kila penye upana wa mkeka palijengwa. Ludovick, mjenzi mwenye maneno laini, alitaka kuinua ghorofa nne kwenye kiwanja kilichobaki katikati ya nyumba za watu, na fomu ilidai saini za majirani wa pande zote. Kikao cha kwanza kilijaa. Cecilia, mjane wa nyumba ya mashariki, alisimama na kanga yake begani.

"Mtendaji, jua tuwe tunaliangalia kwenye televisheni? Maji yenyewe yanatoka mara mbili kwa wiki. Na hilo shimo lao la choo litapumulia wapi, sebuleni kwangu?"

Watu walipiga makofi. Kikao cha tatu walikuja saba. Cha nne walikuja wawili, na hao wawili walikuja kuuliza kama kutakuwa na cha tano. Mwisho wote walisaini, Cecilia naye, kwa kuchoka tu.

Ukabaki upande wa kaskazini. Huko hapakuwa na mtu, palikuwa na mawe makubwa na kichaka cha miiba, na Ludovick alitaka mawe yale yaondoke. Fomu ilirudishwa kutoka juu mara tatu: jaza upande wa kaskazini. Mara ya nne ilipomrudia, miguu imevimba, Paulina aliandika jina la kwanza lililomjia, Sila, akatia saini kwa mkono wa kushoto, na kwenye nafasi ya maoni akajaza: sina pingamizi, nitahama.

Mawe yalivunjwa Jumatatu. Harufu ilianza Jumatatu hiyo hiyo.

Jumamosi, saa saba mchana, jua limesimama utosini na mtaa umenyamaza, Paulina alirudi nyumbani akamsikia mama yake akimsalimu mtu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mbukwa. Kaa, baba, kaa."

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mgeni wako. Sila."

Paulina alishika fremu ya mlango. Jina lile hakuwahi kumtajia mama yake, hakuwahi kumtajia mtu yeyote, na sasa akakiona kiti cha plastiki kilichokuwa kando ya kitanda, kitupu kabisa, kikitanua miguu taratibu kama kinavyofanya mtu mzito anapokikalia, kikatoa mlio, na harufu ya udongo ikapanda mpaka akaionja ulimini, na juu ya kiti pale pasipo na kitu kukawa na pumzi, ndefu, ya mtu aliyetembea mbali na hatimaye amefika.

"Anataka nini?" alinong'ona.

"Anasema ulimwandikia atahama. Basi amehama. Amepiga hodi, mwanangu, ningemwambia nini? Nimemwambia karibu."

Kuanzia hapo nyumba ikawa ndogo. Nguo za Paulina alizikuta chini, misumari ya ukutani ikiwa imeinama kwa uzito wa kitu kisichoonekana. Bibi Priska akaanza kukohoa, na alichokohoa kilikuwa tope. Mchungaji alikuja akaomba, harufu ikaondoka kwa mchana mmoja tu. Ndipo Cecilia akamleta Hamidu kutoka Kizota, mganga ambaye siku za kawaida alichomelea mageti.

Hamidu alimwamkia bibi shikamoo, akafukiza ubani, akasoma, akasikiliza. Alipoinuka shati lilikuwa limelowa.

"Hana ugomvi," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko tayari kuondoka hata leo."

"Ashukuriwe Mungu!"

"Ngoja, dada. Mimi jini nikimfukuza anarudi kwake. Huyu kwake mmejenga. Mtafutie uwanja usio na msingi wala bikoni ya wapimaji, nimpeleke."

"Nikiandika barua ya kuifuta ile saini?"

"Kwani ilikuwa saini yake?"

Walitembea mchana kutwa. Paulina aliujua mtaa kwa namba za viwanja, na kila alipopakumbuka kuwa pa wazi, sasa palikuwa na nondo zimesimama. Kila msingi ulikuwa na fomu, kila fomu ilikuwa imepita mezani kwake, na ile ya Sila haikuwa ya kwanza. Kila penye upande usio na mtu alikuwa ameujaza. Hakumwambia Hamidu. Aliona aibu, kisha akaona hofu, na hofu ikaishinda aibu, lakini hata hivyo hakusema.

"Tumpeleke porini basi," aliomba jua likizama.

"Nimemuuliza. Anasema kule kuna wenyewe." Hamidu akamtazama kwa huruma. "Nisamehe, dada. Mimi nimeshindwa."

Paulina aliingia nyumbani bila kuwasha taa. Bibi Priska alikuwa amejikunyata ukutani, amebanwa akawa mwembamba kama ubao, na blanketi lilikuwa limetuna, kama limemfunika mtu, kwenye sehemu yote iliyobaki ya kitanda.

"Kawaambia wenzake," bibi alisema, pumzi ikimpa shida. "Wale wa viwanja vingine."

Nje pakapigwa hodi. Ilikuwa hodi ya adabu, na nyuma yake nyingine, na nyingine, zikipanga foleni uani mpaka barabarani, na kila sauti ilijitambulisha kwa jina, na kila jina Paulina alilitambua, kwa kuwa alilitunga yeye mwenyewe mezani, miguu imevimba, mkono wa kushoto ukiandika. Alimrukia mama yake akamziba mdomo asije akawajibu.

Midomo ya bibi haikutikisika chini ya kiganja chake. Aliyejibu alikuwa upande wa pili wa kitanda.

"Karibuni," alisema Sila. "Nyumba ni yetu."