Aliyebisha Hodi Ndani ya Kioo

Kioo kilikuwa kinatoa jasho. Mawe mengine mezani yalikuwa makavu, na jua la alasiri lilikuwa linachoma.

Mkata vito alikuwa mgane wa miaka sita, na mwanamume akiishi peke yake miaka sita huzungumza hata na ndara zake. Kioo chenyewe alikipata kwa mchimbaji: cha kijani, kilichozaliwa siku kimondo kilipoanguka, mchanga ukayeyuka kama samli. Ndani kilikuwa na kiputo kama punje ya hindi.

Akakiweka kwenye gurudumu la kukatia. Kiputo kikapasuka. Ikatoka harufu ya vumbi la moto lililonyeshewa, na sauti ndogo: "Hodi."

Mwenye wageni wake huuliza kwanza, "Nani?" Yeye, ambaye mlango wake haukubishwa tangu matanga ya mkewe yaanuliwe, alirukia kama kuku aliyeona mtama. "Karibu! Karibu ndani!"

Kiti cha pili kikalia kwa uzito.

Majirani wakampigia dada yake simu: kaka yako anacheka na ukuta. Alipofika alikuta vikombe viwili vya chai, na cha pili kilikuwa kinapungua bila mkono wa mtu, na kila kilipopungua dirisha liliingia ukungu kama linapumuliwa, kisha pumzi ile ikahama ikamjia shingoni, ya moto, yenye harufu ya vumbi, mpaka akasahau hata dua aliyofundishwa utotoni.

Akamleta mganga. Mganga akanusa tu, mkoba hakuufungua.

"Aliyemkaribisha ndiye amtoe," alinong'ona. "Aseme toka. Leo siku ya sita tangu amkaribishe. Kesho hatatoka yeye wala mwenye nyumba."

"Sema, kaka," dada alisihi. "Matusi yote unayajua, neno hili moja likushinde?"

Mkata vito alimtazama. "Huyu huniuliza nimekula nini. Nikimtoa, wewe utarudi lini?"

Dada akatazama mlango. "Labda... watoto wakifunga shule."

"Kaa, mwenzangu," mkata vito akakiambia kiti. "Anayeondoka ni dada."

Mganga akamvuta dada nje kwa mkono. Mlango ukafungwa nyuma yao, komeo likasukumwa kwa ndani. Dada akachungulia dirishani: kaka yake alikuwa amekaa palepale, mikono yote miwili juu ya meza.